Rafu ya kuelea imeinama, inacheza au imepinda: tafuta chanzo kabla ya kukaza skrubu

Rafu ya kuelea haina mabano ya kuonekana. Kinachoibeba kimefichwa: ama ni ubao uliofungwa ukutani wenye mikono inayoingia ndani ya sanduku la mbao, ama ni bamba la chuma lenye fimbo zinazoingia ndani ya ubao mzito. Ikianza kuinama, wengi hukaza skrubu inayofikika, huongeza gundi, na baada ya wiki chache imeinama tena. Katika nyumba za matofali ya kuchoma, ambazo ndizo nyingi Uganda, chanzo mara nyingi si mbao. Kiko ndani ya ukuta, pale skrubu inapoishia.

Toa vitu vyote kwanza. Weka pimamaji juu ya rafu, kichwa kimoja ukutani na kingine mbele, uone imeshuka kiasi gani. Kisha shika ukingo wa mbele, uinue na uushushe taratibu huku mtu mwingine akiweka kidole pale rafu inapogusa ukuta. Plasta ikitoa vumbi au ufa ukifunguka, tatizo liko ukutani. Rafu ikicheza na ukuta umetulia, tatizo liko kwenye kiungo cha sanduku na mikono. Mwisho, vua sanduku na utikise ubao wa ukutani peke yake kwa mikono miwili. Ubao huo ukisogea hata kidogo, usihangaike na kitu kingine mpaka utulie.

Rafu imeinama mbele, na ubao wa ukutani unacheza

Hili ndilo tatizo kubwa, na hesabu yake ni fupi. Chukua rafu inayotoka ukutani kwa sm 25, yenye mzigo wa kilo 20 uliotandazwa sawasawa. Uzito wake ni kama umekaa sm 12.5 kutoka ukutani. Ubao wa ukutani una kimo cha sm 4, na skrubu zimepigwa katikati, yaani sm 2 juu ya ukingo wa chini. Ubao hujipinda ukiegemea ukingo huo wa chini, kwa hiyo skrubu zinavutwa kwa 20 × 12.5 ÷ 2, sawa na kilo 125 kwa jumla. Mzigo ni kilo 20 tu, lakini ukuta unadaiwa kilo 125.

Skrubu zilezile zikipandishwa hadi sm 3 kutoka ukingo wa chini, mvuto unashuka hadi kilo 83 hivi. Ukitumia ubao wa kimo cha sm 6 na skrubu zikakaa sm 4.5 juu, unashuka hadi kilo 56. Kwa hiyo piga skrubu karibu na ukingo wa juu, na usitamani rafu nyembamba kuliko ukuta unavyoweza kubeba. Skrubu ikikaribia ukingo mbao hupasuka, basi toboa njia yake kwanza kwa biti yenye unene sawa na mwili wa skrubu.

Sasa urefu wa skrubu. Fundi huchukua ubao wa mbili kwa mbili, ambao ukishapigwa randa hubaki na unene wa mm 40 hadi 45, akaufunga kwa skrubu za inchi 3, yaani mm 75. Zinabaki mm 30 au 35 za kuingia ukutani. Matofali ya kuchoma hayalingani ukubwa, kwa hiyo plasta huwekwa nene ili ukuta unyooke, na mm 20 hadi 25 ni kawaida. Zinazofika ndani ya tofali ni mm 5 hadi 15. Rafu imening'inia kwenye plasta, na plasta haikuwekwa ibebe kitu.

Hesabu inayofaa ni hii: skrubu ya inchi 4 (mm 100), ubao wa mm 40 uliochimbwa shimo la mm 10 ili kichwa kizame, plasta mm 20, na mm 50 kamili ndani ya tofali. Tumia plagi za plastiki za mm 10 zenye urefu wa mm 50, na skrubu zenye unene unaolingana na maandishi ya kwenye plagi. Plasta ikiwa nene zaidi, ongeza urefu wa skrubu.

Na plagi yenyewe usiiache iishie usawa wa plasta. Isukume kwa msumari mnene mpaka mdomo wake uingie ndani ya tofali. Plagi ikibaki nusu kwenye plasta, ukikaza skrubu inapanuka pale penye plasta, inaipasua, na ule ufa wa duara unaouona kuzunguka tundu unatokana na hapo.

Kwa rafu ya sm 90, piga skrubu 4. Kwa sm 120, piga 5. Kukosea tundu moja kati ya manne ni jambo la kawaida katika matofali yetu, kwa hiyo usijenge rafu inayotegemea skrubu mbili.

Plagi inazunguka, au tundu linabomoka

Soma vumbi linalotoka unapotoboa. Kijivu mwanzoni ni plasta. Likigeuka jekundu, umeingia kwenye tofali, na hapo ndipo unapotaka. Likiendelea kuwa la kijivu, umeangukia kwenye kiungo cha saruji kati ya matofali, au kwenye zege. Likiwa la kahawia, laini kama udongo wa shambani, na biti ikazama bila kusukumwa, huo ni udongo uliotumika kujengea badala ya saruji. Kiungo cha udongo hakishiki plagi hata siku moja. Sogea sm 4 au 5 juu au chini uingie kwenye tofali lenyewe.

Tofali nalo linaweza kuwa laini. Matofali yanayochomwa kwa tanuru la kupangwa hayaivi sawa: ya karibu na moto yanakuwa magumu na ya nje yanabaki mabichi, kisha yote yanauzwa pamoja. Kwa hiyo tundu moja linashika vizuri na la pili, sm 30 pembeni, linamwaga vumbi. Dawa yake:

- Zima nyundo ya drili. Zungusha tu. Nyundo hubomoa kuta za tundu kwenye tofali laini na tundu la mm 10 linakuwa la mm 13.
- Anza na biti ya mm 6, kisha mm 9, halafu ingiza plagi ya mm 10 kwa kugonga. Ikikataa kabisa, ndipo upitishe ya mm 10.
- Puliza vumbi lote kwa bomba jembamba au pampu ya baiskeli. Plagi iliyokaa juu ya vumbi huzunguka.

Tundu ambalo limeshaharibika usilijaze njiti za kiberiti wala vipande vya karatasi. Lipanue hadi mm 16 na kina cha mm 80, safisha, loweka kwa maji, kisha lijaze rojo la simenti na mchanga laini, moja kwa mbili, ukilishindilia kwa kijiti mpaka hakuna hewa. Subiri siku 7 kabla ya kutoboa upya. Kama huwezi kusubiri, gundi ya epoksi ya nanga pamoja na fimbo yenye nyuzi ya mm 8 itashika hata tofali laini, mradi tundu lisafishwe vizuri. Ni ghali kuliko plagi, lakini kwa rafu ya vitabu inastahili.

Biti imetumbukia ghafla

Umetoboa tofali lenye matundu. Kuta nyingi za kugawa vyumba zimejengwa kwa tofali za udongo zenye uwazi ndani, kama zile zinazotengenezwa na Uganda Clays huko Kajjansi, au kwa bloku za zege zenye uwazi. Ganda lake ni jembamba, na plagi ya kawaida haina cha kushika nyuma yake. Tumia nanga za kupinduka, zile zenye mabawa yanayofunguka ndani ya uwazi, au soksi ya wavu inayojazwa epoksi. Toboa bila nyundo, kwa sababu ukivunja ganda kwa ndani hutaliona. Rafu ya ukuta wa aina hii isizidi sm 20 kutoka ukutani, na vitabu usiviweke.

Ukuta wa jipsamu ni shauri lingine: rafu ifungwe kwenye nguzo za ndani zenyewe, au isifungwe.

Biti imegoma kuingia

Juu ya milango na madirisha kuna lenta, ile boriti inayobeba ukuta wa juu yake, na hapo juu mara nyingi unapita mkanda wa zege kuzunguka nyumba. Drili ndogo itachoma biti bila kuendelea. Azima drili ya zege yenye nyundo ya kweli. Ukigusa nondo, vumbi hukoma na unasikia mlio wa chuma. Acha tundu hilo, sogea sm 3.

Lakini kabla ya tundu lolote, angalia soketi na swichi. Nyaya hupita kwenye mabomba ndani ya plasta, kwa kawaida zikipanda wima kutoka kwenye soketi, ila mafundi wengine hukata njia ya mkato kwa mshazari. Usitoboe moja kwa moja juu, chini wala ubavuni mwa soketi, na zima umeme kwenye swichi kuu unapokuwa na shaka, utumie drili ya betri. Jikoni na bafuni fikiria pia mabomba ya maji.

Ubao wa ukutani umetulia, lakini rafu inacheza au ina mwanya nyuma

Kama sanduku linapwaya juu ya mikono, kata vipande vya veniya au plaiwudi ya mm 3, vipake gundi ya mbao, vibandike juu ya mikono, kisha punguza kwa randa mpaka sanduku liingie kwa kusukumwa na viganja. Bandika upande wa juu wa mkono na si wa chini, kwa kuwa pengo la juu ndilo linaloruhusu pua ya rafu ishuke. Halafu funga sanduku kwa skrubu mbili au tatu za inchi 1¼ kutoka chini au juu kuingia kwenye ubao wa ukutani. Usiligundishe sanduku, maana siku ya kukagua ukuta utalazimika kulivunja.

Mwanya nyuma unatokana na plasta yenye mabonde. Kuna kosa linalofichika hapa: ubao wa ukutani ukiukaza juu ya bonde, unapinda kulifuata, mikono ya katikati inarudi nyuma na ya pembeni inatokeza, na sanduku haliingii. Kabla ya kukaza, simamisha ubao ulionyooka ukutani uone mabonde yako wapi, kisha weka vipande vyembamba vya plastiki au plaiwudi nyuma ya kila skrubu penye uwazi. Ukuta ukiinamia mbele au nyuma, timazi itakuonyesha. Weka kipande nyuma ya ubao, upande wa chini au wa juu, mpaka mikono iwe sawa na pimamaji, au ncha zake ziwe juu kwa mm 2. Mm hizo mbili zinamezwa na mzigo.

Mwanya wa mbele ya macho unaondolewa kwa kuchora. Sukuma rafu ukutani, shika penseli ikiwa bapa dhidi ya ukuta, ikokote juu ya rafu, kisha kata kufuata mstari huo kwa randa. Ndiyo maana ukingo wa nyuma wa sanduku hukatwa ukiwa na ziada ya mm 8 hadi 10.

Rafu ya fimbo za chuma imeshuka

Welda wa Katwe au wa mtaani kwako anaweza kutengeneza bamba zuri: chuma bapa cha mm 40 kwa 6, fimbo laini za mviringo za mm 12, urefu wa mm 150 kwa rafu ya mm 200 hadi 220, umbali wa sm 30 hadi 40 kati ya fimbo. Usikubali nondo. Mbavu zake hazikai sawasawa ndani ya tundu la mbao.

Joto la kuchomelea huvuta chuma. Fimbo iliyochomelewa upande mmoja tu huinamia upande huo, na kosa la nyuzi 1 kwenye urefu wa mm 200 linashusha pua ya rafu kwa mm 3.5, jambo linaloonekana kwa macho. Mwambie welda ashike kila fimbo kwa nukta nne, akibadilisha pande, apime kwa kona mraba, kisha ndipo amalizie. Fimbo iliyoinama unaweza kuinyoosha kwa kuvika bomba juu yake na kuvuta, lakini lishike bamba kwenye jiriwa. Ukiinyoosha likiwa ukutani unang'oa plagi.

Tundu la mbao likiwa la mm 14 kwa fimbo ya mm 12, rafu itainama hata chuma kikiwa kimenyooka. Kutoboa mm 160 ndani ya ubao wa mm 40 kwa mkono ni kazi ngumu, biti hupotea njia. Njia salama kwa asiye na mashine ya kusimama ni kujenga ubao kwa tabaka tatu: juu na chini mbao za mm 12 hadi 15, katikati vipande vya unene wa mm 12 vilivyopangwa kwa kuacha nafasi za mm 12 pale fimbo zinapoingia. Weka fimbo zenyewe zikiwa zimepakwa nta unapogundisha, kisha zivute gundi ikishika.

Ukingo wa mbele umebonyea kati ya mikono

Mikono iko mbali mno au plaiwudi ni nyembamba. Mkono mmoja kila sm 30 hadi 35, plaiwudi ya juu mm 9, ya chini mm 6 inatosha. Mkono ufike mpaka sm 2 kutoka ukingo wa mbele. Mkono uliopigwa misumari tu kwenye ubao wa ukutani utalegea; tumia skrubu ndefu ya mm 80 kutoka nyuma, pamoja na gundi, kabla ya ubao kufungwa ukutani.

Ubao umepinda au umepasuka wiki kadhaa baada ya kufungwa

Hapa ukuta hauna hatia. Mbao nyingi zinazouzwa Ndeeba na masoko mengine zimepasuliwa hivi karibuni, na muuzaji akisema "imekauka" anamaanisha haitoi maji. Ikiwekwa ndani ya nyumba inaendelea kukauka, inasinyaa, na kwa kuwa pete za mti hutaka kunyooka, ubao huwa kama kijiko upande uliokuwa karibu na gome.

Pima kwa mizani ya jikoni. Kata kipande cha sm 10, si kutoka mwisho wa ubao bali sm 30 ndani, maana ncha hukauka kwanza. Kipime, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103, upime kila baada ya saa chache mpaka uzito usishuke tena. Kikitoka gramu 236 hadi 200, maji yalikuwa gramu 36 juu ya 200, sawa na asilimia 18. Kwa rafu ya ndani maeneo ya Kampala, Entebbe au Jinja unataka asilimia 12 hadi 15. Usiye na oveni, weka kipande chumbani na ukipime kila siku kwa wiki: kikiendelea kupungua, ubao bado.

Panga mbao kivulini juu ya vijiti vya unene wa sm 2, kila sm 40 hadi 50, vijiti vikiwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu, uzito juu yake. Paini au musizi wa inchi 1 mpe miezi miwili au mitatu, kisha wiki mbili ndani ya chumba ambamo rafu itakaa. Mbao ngumu huchukua muda zaidi. Ukinunua katikati ya mvua za Machi hadi Mei, usitegemee ratiba ya kiangazi.

Kuhusu aina: mvule hutulia sana na wadudu hawauwezi, ila ni ghali na unazidi kuadimika. Mahogani ni nzuri na inapigika randa vizuri. Kalitunsi (mkaratusi) ina nguvu lakini hupinda na kupasuka ovyo. Itumie kwa mikono iliyofichwa ikiwa imekauka kabisa, usiitumie kwa uso wa rafu. Paini ni nyepesi na inatosha kwa sanduku.

Ubao uliopinda kidogo unaweza kurudi: uvue, upasue kwa urefu katikati, geuza kipande kimoja uso wake wa juu uwe chini ili pete zipingane, piga randa, gundisha. Kisha paka vanishi pande zote sita. Ubao uliopakwa juu tu hunywa unyevu kutoka chini na kupinda tena.

Unga laini unaanguka chini ya rafu

Tazama kwa tochi. Vitobo vya mm 1 hadi 2 vyenye unga mwepesi ni vya mbawakawa wanaokula mbao nyeupe ya nje, hasa ya musizi. Kwangua vanishi, paka dawa ya boraksi mara mbili, ukauke, paka tena vanishi. Ubao unaobonyea kwa kidole utupe nje na uuchome. Njia za udongo zinazopanda ukutani ni za mchwa. Dawa ya rafu haitasaidia mpaka chanzo chake sakafuni kishughulikiwe. Oili chafu ya gari isiingie ndani ya nyumba, achilia mbali karibu na vyombo vya kula.

Vanishi ina wingu jeupe au inanata

Wingu jeupe ni unyevu ulionaswa kwa kupaka vanishi ya kukauka haraka mvua ikinyesha. Siku kavu, pitisha tabaka jembamba la thina, litafunguka. Inayonata ilipakwa nene: subiri siku tatu, na isipokauka ikwangue yote.

Jaribio kabla ya kurudisha vitu

Jaza majerikeni manne ya lita 5, hizo ni kilo 20, yapange kwa umbali sawa juu ya rafu ya sm 90. Kabla ya kuyaweka, pima kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi ukingo wa mbele, kushoto, katikati na kulia, na uandike. Pima tena baada ya dakika 10, kisha kesho yake. Kushuka mm 1 dakika za mwanzo ni mbao kujikalia. Kushuka zaidi ya mm 2, au kuendelea kushuka usiku kucha, kunamaanisha plagi inatoka: vua, rudi kwenye tundu. Kama ni rafu ya vitabu, ongeza jerikeni la tano na la sita, maana mita moja ya vitabu hufika kilo 20 hadi 30 kwa urahisi.